Densi Iliyoitwa Jumamosi

Katika parokia yetu mtu hujulikana kwa kazi yake kabla ya kujulikana kwa jina. Mimi ni Katekista hata sasa, ingawa nimestaafu na vijana wanafundisha mahali pangu. Yupo Baba Paroko, yupo Mama Mwenyekiti wa kina mama, yupo Mzee wa Ngoma. Na mwanamke wa kisa hiki alikuwa Mwalimu wa Wachezaji, na watoto walimwita Ticha. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini alinikataza kulitaja kwenye matangazo ya Jumapili, na sioni sababu ya kulitaja hapa. "Ukinitaja, Katekista, watanitazama mimi," alikuwa akisema. "Nataka wawatazame watoto."

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo wayaulize wanaopenda kuuliza hivyo. Ninayetaka kumsimulia ni mwanamke niliyemfahamu kwa miaka mingi hapa mtaani Mbotela, ambaye halmashauri ya parokia ilimtaka achague kati ya watoto wa kucheza kanisani na densi yake mwenyewe, naye akakataa kuchagua. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alikosea. Mimi nimefundisha Amri na Sakramenti tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nasema hakukosea. Nalisema mapema ili asiyetaka kulisikia afunge ukurasa na aende salama.

Asiyesali kwetu huenda hawajui watoto hao. Kabla ya padre kuingia, wanatangulia mbele ya maandamano wakiwa na magauni meupe na utepe kichwani, wakicheza taratibu hadi kwenye ngazi za altare. Wanacheza tena wakati wa wimbo wa Utukufu, na wanayasindikiza matoleo. Kabla ya huyu mwalimu, walifundishwa na yeyote aliyekuwa na nafasi, na walicheza kama kuku wanaokausha mabawa. Tuliwapenda tu kwa sababu walikuwa wetu.

Yeye alipowapokea, hakuwafundisha kucheza. Aliwafundisha kusimama. Jumamosi baada ya Jumamosi watoto walisimama nyuma ya kanisa, kisha wakatembea, kisha wakasimama tena. Baba mmoja, dereva wa lori, alikuja kulalamika.

"Mwalimu, mimi nilimleta mtoto acheze. Hii foleni hata benki iko."

"Baba, mtoto wako bado hajui kusimama," akamjibu. "Akijua, kucheza atajifunza kwa mchana mmoja."

"Hajui kusimama? Na amekuwa akisimama tangu akiwa na mwaka mmoja!"

"Amekuwa akingoja kukaa. Hiyo si kusimama."

Yule baba aliondoka akitikisa kichwa. Pasaka ilipofika, watoto waliingia kanisani na watu wakanyamaza kabla hata ngoma haijapigwa. Nilimwona yule dereva kwenye safu ya kando, amesimama wima kama mlingoti, kana kwamba na yeye alikuwa amefundishwa.

Alikuwa na maneno yake, mafupi, na watoto waliyabeba hadi nyumbani. Msichana aliyetabasamu kupita kiasi aliambiwa, "Meno hayachezi." Aliyetazama miguu yake aliambiwa, "Iache, haitakimbia." Lakini neno alilolirudia kuliko yote ni hili: "Usicheze kama mtu anayeomba ruhusa." Nilimsikia mjukuu wa jirani akimwambia hivyo dada yake walipokuwa wakifua nguo pale bombani. Sijui kufua na kuomba ruhusa vinahusiana vipi, lakini dada mtu alikunja uso akafua kwa nguvu zaidi.

Alikuwa na hasira pia, na sitaificha. Aligombana na Mzee wa Ngoma karibu kila wiki, kwa sababu mzee huyo akisisimka huharakisha.

"Mzee, unakimbilia wapi?" alimpigia kelele siku moja katikati ya mazoezi. "Misa ni saa nne. Hata ukifika kabla yetu, padre hatakuanzia peke yako."

"Wewe mtoto, hii ngoma nimeipiga kabla hujaota meno."

"Ndiyo maana imechoka, Mzee. Ipumzishe kidogo hapo katikati."

Mzee wa Ngoma aliapa hatampigia tena. Wiki iliyofuata alikuwa pale mapema, amekaa, akijifanya anakaza ngozi.

Siku za kazi alikuwa soko la Kariokor, kwenye kibanda cha shangazi yake, akishona shanga kwenye ndara za ngozi. Nilimkuta huko mara nyingi nikienda kutengenezewa viatu. Mteja akija, hakumtazama usoni. Alimtazama akitembea. Alijua nani anaumwa kiuno na nani ametoka kugombana nyumbani, na hilo la pili alilisema kwa sauti, mpaka shangazi yake akawa anamtuma achemshe chai kila wateja wenye ndoa walipokaribia.

Sasa, mtu kama huyu ungetarajia awe wa kwanza kuinuka kwenye arusi. Sikumwona akicheza arusini hata siku moja. Bibi arusi anaingia, kina mama wanapiga vigelegele, mashangazi wanatikisa mabega, naye ameketi karibu na sufuria ya pilau na sahani yake mapajani.

"Ticha, si uingie!"

"Mimi nimekuja kula."

Na mtu ambaye hakuomba ruhusa ya kucheza aliomba ruhusa ya kila kitu kingine. Alipiga hodi mlangoni pangu, nikamwambia ingia, akapiga tena. Akiisha kuingia, aliuliza kama anaweza kukaa. Akiisha kukaa, aliuliza kama kiti ni cha mtu. Mke wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akimwambia, "Mwanangu, hiki kiti kikiwa na mwenyewe, atakudai mbinguni. Kaa."

Kuhusu sala, walimsema sana. Walisema haonekani na rozari. Ni kweli. Alikaa benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, macho wazi. Nilimuuliza siku moja, si kwa kumshtaki bali kwa kazi yangu. Akasema, "Katekista, mimi nikisema Baba Yetu, mdomo unafika mwisho kabla yangu. Halafu nabaki njiani natafuta." Nimefundisha sala hiyo kwa vizazi viwili, na sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri zaidi ugumu wake. Ijumaa za Kwaresima hakula kitu mpaka jua lizame, na hakumwambia mtu. Nililijua kwa sababu shangazi yake alininong'oneza akitaka nimkataze. Sikumkataza.

Jioni moja jumuiya yetu ilikutana nyumbani kwangu. Watu walipotawanyika, alibaki akinisaidia kurudisha viti vya majirani. Aliponikabidhi cha mwisho, akasema, "Jumamosi ijayo saa tisa nacheza peke yangu, kwenye ukumbi wa jamii. Njoo, Katekista. Njoo unione kabla hujaambiwa."

"Kuambiwa nini?"

"Sijui bado. Lakini watu hawakosi."

Nilikwenda. Nilivaa koti langu la Misa kwa kuwa sikujua watu huvaa nini mahali kama hapo. Mlangoni kulikuwa na kijana mwenye nywele za kusokota.

"Niaje mzae, umepotea?"

"Sijapotea, kijana. Natafuta wanaocheza."

"Basi umefika. Ingia, kaa mbele, huko nyuma kuna spika itakuua masikio."

Walikuwa watano, kila mmoja peke yake. Kijana wa mtaa wa Tassia alicheza na mtungi wa maji begani mpaka tukasikia kiu. Msichana mwingine alicheza ameketi kitini, asisimame hata kidogo, na sikuelewa, lakini subira ni zawadi niliyopewa na sikuwa na haraka. Kisha kijana wa mlangoni akatangaza kwamba wa mwisho ni Ticha wa Mbotela, na kazi yake ameiita "Jumamosi".

Akaingia. Alikuwa amefunga leso kiunoni, mabega wazi, miguu mitupu, mkononi ana kitambaa kilicholowa. Hapakuwa na muziki. Alisimama akitazama ukuta wa mbele, ule wenye jukwaa dogo, na sisi tukawa tumekaa kwa nyuma na kando. Alisimama muda mrefu hata vijana wawili wakaanza kucheka. Kisha akainama kutoka kiunoni, magoti yamenyooka, mikono miwili kwenye kitambaa, akaanza kupangusa sakafu, kushoto, kulia, kushoto, huku akirudi nyuma. Kile kitambaa kilitoa sauti kwenye saruji, na sauti hiyo ikawa ngoma yake. Mabega yakaipokea. Mgongo ukaipokea. Alirudi nyuma akitujia sisi, mgongo kwetu, nyonga zikienda na kitambaa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu ambayo sikujua mwili ule mwembamba unayo. Kuna mahali mkono mmoja uliinuka ukabaki hewani kama wa mtu anayejifuta jasho, au anayeita, na mkono mwingine haukuacha kupangusa.

Hapo ndipo nilipojua ninachokiona, na nikavua kofia.

Nieleze. Kwetu kanisa husafishwa Jumamosi, kila jumuiya kwa zamu yake. Kina mama hujipanga mstari chini ya altare, wanainama, wanapangusa wakirudi nyuma mpaka mlangoni. Hawageuki. Wanarudi kinyumenyume ili wasikanyage palipo na maji, na pia kwa sababu mwanamke wa kwetu haipi Tabernakulo mgongo. Marehemu mama yake alikuwa akiongoza mstari huo tangu huyu binti akiwa wa kubeba ndoo. Nimeona mstari ule mara ambazo siwezi kuhesabu. Nilikuwa nikikaa pembeni nikipanga vitabu vya nyimbo, na sikuwahi kuutazama. Ilibidi binti mmoja autoe kanisani, auweke mahali pengine, ndipo nikauona.

Alipofika karibu na miguu yetu alinyooka. Akaweka kitambaa begani. Basi, ikaisha. Watu wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Baadaye kulikuwa na maswali, maana hao vijana wana desturi ya kuulizana. Mmoja akasema, "Ticha, umewaka, lakini mbona hukutugeukia hata mara moja? Sisi ndio watazamaji."

"Kwa sababu mbele kulikuwa na mtu," akasema.

"Nani? Sikuona mtu."

"Ndiyo. Huwa haonekani kirahisi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu kando ya Barabara ya Jogoo nikimshukuru Mungu kwamba ameniweka hai mpaka siku ile. Nilikuwa nimemfahamu Mwalimu wa Wachezaji. Mtunzi huyu wa densi nilikuwa nimekutana naye mchana huo kwa mara ya kwanza.

Lakini kulikuwa na simu ukumbini. Kabla ya Jumatatu, kipande kifupi cha video kilikuwa kimefika kwenye grupu ya parokia. Hakikuonyesha kusimama kwake, wala ukuta aliokuwa akiutazama. Kilianza ameshainama na kikaishia pale nyonga zilipopata kasi. Mama Mwenyekiti ndiye aliyekituma, na chini yake akaandika, "Huyu ndiye tumemwachia watoto wetu?" akaweka na vile vialama vya mikono inayosali.

Aliitwa mbele ya halmashauri Jumapili iliyofuata, baada ya Misa ya pili. Mimi nilikuwa bado mjumbe, kwa hiyo niliona yote. Mwenyekiti wa halmashauri ni mzee wa biashara ya jumla, mtu mwema, ila amezoea kusikilizwa. Baba Paroko ni kijana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu kwetu, na muda mwingi alitazama kalamu yake. Mwalimu alipiga hodi, akaomba kuketi, akaketi.

Mama Mwenyekiti alianza. "Msichana, uliinama vile mbele ya wanaume. Kwani huna mama?"

"Nilikuwa naye. Ndiye aliyenifundisha kuinama."

"Usimtukane marehemu!"

"Simtukani, Mama. Ulikuwa ukiinama kando yake."

Chumba kilichafuka. Nikaomba kusema, nikawaeleza nilichokiona ukumbini, kwamba ni kazi ya Jumamosi, ya kanisa hili hili. Mwenyekiti wa halmashauri akainua mkono. "Katekista, tunakuheshimu. Lakini usilinganishe kusafisha nyumba ya Mungu na mambo ya ukumbini."

Mjumbe mmoja aliyempenda binti alitaka kumwokoa kwa Maandiko. Akamleta yule mfalme wa zamani aliyecheza mbele ya Sanduku la Agano. Mwalimu mwenyewe akamkatiza. "Asante, Mzee, lakini usiniletee mfalme. Mfalme akicheza, kila mtu anajua la kusema. Mimi nilimcheza mwanamke anayepangusa sakafu." Kisha akasimama. "Kile kipande kimekatwa mwanzo na mwisho. Sogezeni hii meza niwaonyeshe yote. Si ndefu."

"Hii ni ofisi," akasema mwenyekiti.

"Basi njooni ukumbini."

"Hatuendi huko."

"Basi mnahukumu nini?"

Mwenyekiti akasoma karatasi iliyokuwa mbele yake. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa kabla hajapiga hodi. Aombe radhi mbele ya waumini na aahidi kuacha densi hizo, au awaache watoto. Nilimwona akishika ukingo wa meza. Watoto wale ndio waliokuwa maisha yake, kila mtu chumbani alilijua hilo, na ndiyo maana walikuwa wameyashika hayo hayo.

"Sitaomba radhi kwa kuinama," alisema. "Na watoto siwaachi. Nyinyi ndio mnaniondoa. Mtakapotangaza, semeni hivyo. Msiseme nimeacha."

Akaomba ruhusa ya kutoka. Hata siku hiyo aliomba.

Jumapili iliyofuata msomaji wa matangazo, kijana asiyejua kitu, alisoma kwamba Mwalimu wa Wachezaji ameomba kupumzika. Nilikuwa nimekaa benchi la pili. Mimi si mtu wa kelele. Katika miaka yangu yote sijawahi kukatiza neno kanisani. Nikasimama nikasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wanakwaya, "Hakuomba kupumzika. Ameondolewa." Nikakaa. 

Wiki hiyo waliniondoa kwenye zamu ya kusoma masomo ya Misa, na baadaye kwenye halmashauri. Mwenyekiti alikuja nyumbani kunieleza kwa heshima. Nikamkaribisha chai. "Mzee wangu," akasema, "kwa nini ujiharibie jina uzeeni?"

"Nilipokuwa mtoto kule Ukambani," nikamwambia, "bibi yangu alicheza kilumi, na waliotufundisha dini walituambia ile ngoma yake ni ya shetani. Tukamwacha bibi nje ya kanisa na ngoma yake. Leo Misa yetu haianzi bila ngoma. Nani alimwomba bibi yangu radhi? Mimi nimeshaona kosa hili mara moja. Sitalishuhudia mara ya pili nikiwa nimeketi."

Akanywa chai yake yote. Hakubadilisha neno, nami sikubadilisha.

Watoto walipewa mwalimu mwingine. Walirudia mabawa yao ya kuku. Kisha wakaanza kupungua, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa Ngoma alipiga haraka alivyotaka, hakuna aliyemzuia, na niliona jinsi uso wake ulivyokosa furaha. Muda ukapita, msimu wa mvua na mwingine. Halafu ikatangazwa kwamba kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia askofu atakuwa nasi, na halmashauri ikatazama wachezaji wake, ikaona wamebaki wanne.

Mwenyekiti akaja tena kwangu. Chai tena. Akasema wanataka Mwalimu arudi. Kuomba radhi mbele ya watu hakuhitajiki tena. Aahidi tu, kimyakimya, kwamba hatacheza tena kwenye kumbi. Nani mwingine angempelekea ujumbe huo?

Nilikubali kuupeleka, kwa maana mjumbe hauawi, na kwa maana nilitaka kumwona. Walisema amehamia Tassia na anafundisha juu ya paa la jengo moja la kupanga. Nikalipata jengo Jumamosi alasiri. Lifti hakuna. Nilipanda nikipumzika, nikipishana na kina mama wenye ndoo na vijana walioniambia, "Pole pole mzae, uko karibu," tangu ghorofa ya kwanza.

Paa lilikuwa na matangi ya maji, na kamba za nguo zimevutwa upande mmoja. Katikati walikuwapo watoto, wengi, miguu mitupu, wamesimama. Niliwatambua baadhi. Ndio waliokuwa wamepungua kwetu. Mwalimu alikuwa akipita kati yao kimya. Na kando, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitambaa cha kina mama wa parokia kichwani na mkoba mapajani, ameketi Mama Mwenyekiti.

Tulitazamana. Aliinuka nusu, akakaa tena.

"Katekista," akasema, "hujaniona."

"Nimekuona, Mama. Na namshukuru Mungu nimekuona."

Alivuta mkoba karibu. Mjukuu wake alikuwa safu ya kwanza. "Mtoto alilia nyumbani wiki nzima," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akanena kwa Kikamba kama tunenavyo tukiwa peke yetu, akaniambia kwamba zamu ya jumuiya yao ilipofika alikuwa ameinama chini ya altare na kitambaa mkononi, akirudi nyuma, na akajiona. Aliona mgongo wake mwenyewe, alisema, kama mtu mwingine angeuona kwenye simu. Alinyooka akashindwa kuendelea, wenzake wakadhani ni presha.

"Ukawaambia?"

"Nimwambie nani? Mimi ndiye nilituma."

Mwalimu alipowapumzisha watoto alikuja, akanisalimu kwa mikono miwili, akanitafutia kreti ya kukalia. Nilimpa ujumbe wote, bila kuupunguza wala kuutia sukari. Alisikiliza akiangalia mabati ya mtaa wa Pipeline na majengo yaliyosongamana hadi mbali. Nikamwambia pia kwamba, kama angeniuliza, nisingemlaumu kwa jibu lolote, maana watoto waliobaki kule aliwapenda, na sikukuu ni kubwa.

"Nacheza mwezi ujao ukumbini," akasema. "Kazi mpya. Na watoto hawa, siku wakiitwa kanisani, nitawaleta mimi mwenyewe, na nitasimama nao. Yote mawili, Katekista. Sina nusu ya kuwapa."

"Niwaambie hivyo?"

"Hapana, hayo ni marefu, watayakata. Waambie ngazi ni hizo hizo ulizopanda wewe."

Kisha akawageukia watoto, akapiga kofi moja, nao wakasimama.

Niliitwa kutoa jibu mbele ya halmashauri. Walikuwapo wote, Baba Paroko na kalamu yake, Mama Mwenyekiti kwenye kiti chake cha siku zote. Nikasema kwanza kwa maneno yangu: hatatoa ahadi, atacheza ukumbini; kisha kwa maneno yake: mwenye kutaka watoto, ngazi ni hizo hizo nilizopanda. Mwenyekiti wa halmashauri alivuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kuanza hotuba. Lakini Baba Paroko aliweka kalamu mezani.

"Katekista," akauliza, "ni ghorofa ya ngapi?"

Nilifungua mdomo nijibu. Sikuwahi.

"Ya saba, Baba," akasema Mama Mwenyekiti, na sauti yake haikuomba ruhusa kwa mtu. "Ukifika ya nne, pumzika. Mimi hupumzika hapo."